Samaki inapunguka mu Tanganyika: satelite inaona nini, na nani anaisoma?



Siku ya mushahara nilipita ku soko, hapa Lubumbashi, kununua ndakala za Tanganyika. Mama muuzaji alinijazia kikombe, akaanza kufunga mu karatasi. Nikamuuliza: « Mama, mbona kikombe ya leo iko kidogo hivi? » Alinijibu bila kukasirika: « Papa, kikombe ni ile ile. Samaki njo haiko. Ba ku Kalemie banasema maji imechoka. »

Maji imechoka. Nilirudi na neno hilo mu kichwa mpaka nyumbani.

Sisi watu wa sendika tumezoea kuhesabu mushahara kwa franka na dolare. Lakini mufanyakazi hakuli franka, anakula bukari na mboga. Kama ndakala imepanda bei, mushahara umeshuka, hata kama karatasi ya malipo inaonyesha hesabu ile ile ya mwaka jana. Tena kule ziwani kuna wafanyakazi wengine, wavuvi, wenye siku hizi wanaambiwa kama wao wenyewe njo walimaliza samaki. Ni kwa sababu ya mambo haya mawili ninaandika leo juu ya kitu chenye wengi wataona kiko mbali na sisi: satelite zenye zinaangalia rangi ya maji.

Mutoto wa dada yangu anasoma jeoloji ku iniversite. Jioni ile alinionyesha mu simu yake picha ya Ziwa Tanganyika lote, kutoka Uvira mpaka Zambia. Upande wa kusini, karibu na Moba na kushuka chini, ilikuwa kijani na njano. Upande wa juu ilikuwa bluu. « Mujomba, aliniambia, hizi rangi mutu hakuzichora kwa mapenzi yake. Satelite njo ilipima. Penye iko kijani, majani ya maji ni mengi. Penye iko bluu sana, chakula ni kidogo. » Nikamujibu: basi hii ni metorex ya samaki. Alicheka, lakini kisha akasema ni kweli, inafanana.

Kwa musomaji mwenye hajui kazi yetu nieleze kidogo. Metorex ni jina lenye wachimbaji wanaita kale ka mashini kanafanana na bunduki, kenye mununuzi wa mawe anashika mu depo. Anakaweka ku gunia, anafinya, na kanamwambia kobalti iko asilimia ngapi na shaba ngapi. Kanafanya vile sababu kila madini, ukiipiga na mwale wake, inarudisha mwale wenye ni wa kwake tu. Hakuna mutu anafungua jiwe. Mwanga unaorudi njo unasema. Na bei yote ya jasho la wiki nzima inategemea hesabu yenye inatokea pale ku kioo.

Nilishuhudia siku moja wachimbaji wenye walipeleka mawe yao ku depo moja, sitalitaja. Mashini ikatoa hesabu ya kulia. Wakabeba gunia zile zile ku depo ingine, hesabu ikapanda karibu mara mbili. Mashini yenyewe haina ubaya. Mutu mwenye aliitengeneza asubuhi, mwenye anajua namna ya kuirudisha nyuma, njo mwenye alikuwa na ubaya. Mambo yalibadilika siku kooperative ile ilipata mutu wake mwenyewe mwenye alijua kusoma, na sampuli zao wenyewe zenye walijua tenere yake. Sasa ku depo wanasema: kwanza pima hii yetu, kisha tuzungumze.

Nashika mufano huu mpaka mwisho, sababu ulinisaidia kuelewa mambo ya rangi ya maji kuliko vitabu.

Mu maji ya bahari na ya ziwa wanaishi viumbe vidogo sana vya kijani, vyenye wataalamu wanaita fitoplanktoni. Kimoja kimoja hauwezi kukiona kwa jicho. Havina mizizi wala matawi, vinaelea tu na maji. Lakini vinafanya kazi ile ile yenye muhindi unafanya mu shamba: vinachukua mwanga wa jua, gazi ya kaboni na mbolea yenye iko mu maji, vinatengeneza chakula. Vidudu vidogo vinakula fitoplanktoni, ndakala inakula vile vidudu, mikebuka inakula ndakala, na sisi tunakula zote mbili. Ukipima kazi hii ya majani mu dunia nzima, karibu nusu yake inafanyika mu bahari, na viumbe hivi vyenye hatuoni. Nusu ingine ni misitu yote, majani yote na mashamba yote ya inchi kavu.

(Watu wa Kolwezi wasikie hii: fitoplanktoni nyingi haziwezi kuishi bila vitamini B12, na katikati ya B12 kuko atomu moja ya kobalti. Ndogo sana, lakini iko.)

Kitu chenye kinafanya kazi ndani ya vijani hivi kinaitwa klorofili. Klorofili inakula sana mwanga wa bluu, na wa kijani inauacha urudi. Maji safi yenye hayana kitu yanafanya tofauti: yanarudisha bluu. Kwa hiyo satelite inapima bluu ngapi imerudi na kijani ngapi imerudi, inalinganisha, na kutoka pale wanahesabu klorofili iko ngapi mu kila mita ya kibo ya maji. Tofauti na metorex, satelite haipigi mwale wake. Taa yake ni jua. Inaangalia tu.

Jicho la kwanza la kazi hii Wamarekani walilitupa juu mu Oktoba 1978, ku satelite Nimbus-7. Ilikuwa ya kujaribu tu, wakafikiri itadumu mwaka mumoja. Ilifanya kazi mpaka 1986. Kisha giza: karibu miaka 10 dunia haikuwa na jicho la namna ile. Mu Agosti 1997 wakatuma SeaWiFS, yenye ilikuwa inapima rangi 8, nayo ikadumu mpaka mwisho wa 2010. Tangu 2002 iko satelite Aqua na chombo chake MODIS, yenye sasa imezeeka. Watu wa Ulaya walituma Sentinel-3 ya kwanza mu 2016 na ya pili mu 2018. Zile zinapima maji vipande vya mita 300 kwa 300. Na tarehe 8 Februari 2024 NASA ilituma PACE, yenye inazunguka ku kilomita 676 juu yetu. PACE haihesabu rangi 8 wala 10, inapima rangi moja kufuata ingine karibu bila nafasi, kutoka mwanga wenye jicho la mutu haliwezi kuona upande huu mpaka wenye haliwezi kuona upande ule. Faida yake ni hii: zile za zamani zilikuwa zinasema « majani ni mengi » ao « majani ni machache ». Hii inaanza kusema ni majani ya aina gani. Mu maji si kila kijani ni chakula kizuri. Kuna aina zenye zinaleta sumu.

Sasa shida zake. Mutu mwenye anasifu mashini bila kutaja shida zake, mimi siku zote namuogopa.

Ya kwanza ni hewa. Mu mwanga wote wenye unafika ku satelite, karibu sehemu 9 mu 10 zimetoka ku hewa, hazikutoka ku maji. Ni vumbi, ni moshi, ni hewa yenyewe. Lazima watoe zile sehemu 9 kwa hesabu, ndipo wabaki na ile moja ya maji. Ukikosea kidogo mu zile 9, ile moja imeharibika yote. Na sisi tunajua ginsi inchi yetu iko mu kiangazi: pori inaungua kila mahali, mbingu inakuwa ya kijivu mwezi muzima. Kiangazi njo wakati Tanganyika inafanya kazi zaidi. Mu mvua nayo, mawingu inafunika, satelite haioni kitu, na ku picha kunabaki matobo meupe.

Ya pili ni mizani yenyewe. Chombo kinazeeka, kioo kinachafuka, hakuna mutu wa kupanda juu akipanguse. Wanafanya nini? Karibu na kisiwa cha Lanai, kule Hawaii, tangu 1997 wameweka boya kubwa linaloitwa MOBY, mu maji safi sana. Boya linapima rangi ya bahari pale chini kila siku, satelite inapima pale pale kutoka juu, wanalinganisha. Ile njo sampuli yao yenye tenere yake inajulikana. Tena SeaWiFS kila mwezi walikuwa wanaigeuza iangalie mwezi, sababu mwezi hauna mawingu wala majani, uso wake haubadiliki. Kama mwezi unaonekana umepunguka mwanga, wanajua ni jicho limechoka. Nilifurahi kusikia hii. Wavuvi wa Tanganyika wenye wanatafuta ndakala usiku kwa taa hawapendi mwezi mukubwa hata kidogo, wanakaa nyumbani sababu samaki haifuati taa. Kumbe siku zile zile wengine wanaungoja.

Ya tatu inatoka kwetu. Muto Lualaba unaanza huku Katanga, unapita Bukama, Kongolo, Kindu, mpaka Kisangani, unakuwa Muto Kongo, unaingia mu Atlantiki kule Banana. Kila sekunde unamwaga karibu mita za kibo 40.000, ni muto wa pili mu dunia nyuma ya Amazone. Maji yake imepita mu misitu, imekuwa na rangi ya chai. Kutoka juu ile chai inaonekana mamia ya kilomita ndani ya bahari. Na chai ile nayo inakula mwanga wa bluu, sawa vile klorofili. Satelite za zamani zilikuwa zinadanganyika: zinaona bluu imepotea, zinasema « hapa majani ni mengi sana », kumbe sehemu moja ni rangi ya majani yenye yalioza mu misitu ya Equateur. Wataalamu wanajua hii, wana hesabu zingine kwa maji ya namna hii, na PACE inaona rangi za kutosha kutenganisha zaidi. Lakini mutu mwenye anachukua picha mu intaneti bila kujua, atasema midomo ya Kongo ni shamba la kijani kushinda vile iko kweli.

Wenzangu wa sendika waliniuliza swali moja lenye nilikuwa naliongoja: je, tunaweza kutumia jicho hili kukamata wenye wanamwaga maji ya kiwanda mu mito yetu? Jibu langu ni hapana, karibu kila mara. Kwa kipande cha mita 300, mito yetu midogo haionekani hata. Na kobalti yenye imeyeyuka mu maji haina rangi yenye jicho lile linaweza kusoma kutoka juu. Mu 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kobalti nyingi sana mu mwili wa watu wenye wanaishi karibu na migodi ya Katanga. Hawakuijua kwa satelite. Walipima mukojo wa watu, chupa kwa chupa. Kwa mambo yale tutaendelea kudai chupa.

Nirudi ku Tanganyika, sababu kule ugomvi ni mukubwa.

Lile ziwa lina urefu wa kilomita zaidi ya 650 na kina cha mita 1.470. Mu dunia paka Baikal inalipita kwa kina. Sehemu kubwa ya maji yake, yale ya chini, haina oksijeni hata kidogo, samaki haiwezi kuishi pale. Lakini pale chini njo mbolea imelala, ile yenye inatoka ku vitu vyote vyenye vinakufa na kuzama. Juu kuko mwanga bila mbolea, chini kuko mbolea bila mwanga. Ili vijani vipate vyote viwili, lazima kitu kipandishe maji ya chini. Kitu kile ni upepo. Kutoka mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huku kusini maji ya chini yanapanda kujaza nafasi. Ile kijani na njano yenye niliona ku simu chini ya Moba, ni hiyo. Ni mbolea imefika ku mwanga.

Sasa uliingia kuoga mu ziwa saa ya jua kali: kifua kinasikia joto, miguu inasikia baridi. Maji ya moto ni nyepesi, yanakaa juu kama mafuta. Kadiri yanazidi kupata joto, upepo unashindwa kuyachanganya na ya chini. Mu 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika mu gazeti Nature kama joto la dunia limeanza kufanya hii mu Tanganyika, kama kazi ya vijani ilipunguka karibu asilimia 20, na kama samaki ingeweza kupunguka asilimia 30 juu ya hiyo. Mwaka ule ule kikundi cha Piet Verburg kilitoa mu gazeti Science maneno yenye yanaelekea pale pale. Tena mu 2016 Andrew Cohen na wenzake walichimba matope ya chini ya ziwa, wakahesabu mabaki ya samaki yenye yamelala mu matope mwaka kwa mwaka. Waliona samaki ilianza kupunguka mbele uvuvi mukubwa wa biashara haujaanza.

Wote hawakukubali. Jouko Sarvala wa Finlande na wenzake waliandika mu 2006 kama hesabu za samaki zinaonyesha zaidi mabadiliko ya namna ya kuvua kuliko hali ya hewa. Na mimi sitawafichia: wavuvi wamekuwa wengi, nyavu zenye matobo madogo ziko, vitoto vya samaki vinavuliwa. Mwenye kusema uvuvi hauna lawama hata moja, anadanganya.

Lakini ona ginsi maneno yanafika kwa mutu wa chini. Mwenzangu mumoja wa zamani wa mugodi alirudi kwao upande wa Moba kisha kupoteza kazi, akanunua mutumbwi na injini ndogo. Tunazungumza mu simu. Ananiambia kama kila mukutano wenye wanaitwa, maneno ni mamoja: « Ninyi wavuvi munamaliza ziwa. » Hakuna siku mutu aliwaambia juu ya upepo, juu ya joto, juu ya mbolea ya chini. Inchi ine za ziwa zilizungumza juu ya kupumzisha ziwa miezi mitatu kila mwaka, na mu 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kutoka 15 Mei mpaka 15 Agosti. Mwenzangu hapingi kupumzisha. Anauliza tu: « Kaka, juu ya nini tarehe ile? Nani alipima? Watoto yangu watakula nini miezi mitatu? » Swali la tatu ni la Leta, na sendika ya kweli ingelipigania. Lakini maswali mawili ya kwanza ni ya kipimo.

Mimi naona tarehe ile inaweza kuwa na maana nzuri: ni wakati upepo unaanza, chakula kinapanda, vitoto vinakula vinakomaa. Lakini upepo hauna kalenda. Kuna mwaka unachelewa, kuna mwaka unakuja na nguvu kidogo. Na hapa njo satelite inaingia mu mambo ya bukari yetu. Mu 2010 kulitoka utafiti wenye ulichukua picha za MODIS za Tanganyika lote, miaka kadhaa, ukalinganisha na maji yenye yalichotwa kwa mikono, ukaonyesha kama ziwa halina tabia moja: sehemu moja inakuwa kijani wakati huu, ingine wakati ule. Ni kusema kama inawezekana kujua, karibu wiki kwa wiki, penye chakula kimepanda na penye hakijapanda. Picha zile ni za bure. NASA inazitoa bure, watu wa Ulaya wanazitoa bure. Hauombi ruhusa kwa mutu. Unahitaji kompyuta, mega za kutosha, na mutu mwenye alifundishwa kuzisoma bila kudanganyika na moshi wala na maji ya chai.

Mutu yule iko wapi? Wako wachache. Kule Uvira kuko kituo cha utafiti wa maji, CRH, chenye kinalijua ziwa tangu zamani na chenye kilifanya kazi na Wabelgiji juu ya mambo haya. Ku iniversite zetu wako vijana kama mutoto wa dada yangu wenye wanajifunza peke yao usiku mu simu, wakati kuko umeme. Lakini kati ya picha ile na mutumbwi wa Moba hakuna barabara. Mbele ya muvuvi kuvuta nyavu zake, hesabu yenye inamuhukumu haikupita mbele ya macho yake hata siku moja. Ni depo ile ile nilisema, paka gunia njo limebadilika.

Kuna jambo lingine lenye linanisumbua. Mu 2017 serikali ya Marekani ilipeleka bajeti yenye ilitaka kusimamisha PACE mbele haijajengwa yote. Wakarudia mwaka wenye ulifuata, wakarudia tena. Kila mara bunge lao lilikataa, likatoa pesa, na njo maana satelite iko juu leo. Mimi siwezi kupigia kura mutu wa Washington. Mutu wa Kalemie naye hawezi. Lakini jicho lenye linaangalia maji yetu lilikuwa karibu kuzimwa mara kadhaa mu chumba chenye hatuna kiti. Na tunajua ginsi inakuwa jicho likizimwa: kutoka 1986 mpaka karibu 1997 hakuna mutu anaweza kusema ziwa lilikuwa na rangi gani kutoka juu. Miaka ile imepotea. Shida ni kama mambo haya yanahitaji miaka mingi sana bila kukata. Mu 2023 B. B. Cael na wenzake walionyesha mu Nature kama mu miaka 20 ya MODIS, rangi ya maji imebadilika mu zaidi ya nusu ya bahari ya dunia, asilimia 56, zaidi upande wa joto karibu na ikweta. Walihitaji miaka 20 ya jicho moja kuona hivyo, na bado walipaswa kuangalia rangi zote pamoja, sababu klorofili peke yake inapanda na kushuka sana, inahitaji miaka mingi zaidi ili usadiki.

Kwa hiyo, sisi tutafanya nini tukiwa huku? Mu mukutano wetu wa mwisho nilisema mawazo yangu, na wengine walinicheka kidogo, eti delege wa mugodi ameanza kuvua. Nilisema sendika za migodi na mashirika ya wavuvi zidai pamoja kama hesabu yoyote yenye inatumiwa kufunga ziwa isomwe wazi, mu Kiswahili, ku radio za Kalemie, Moba na Uvira, na kama watu wetu wenyewe wafundishwe kuisoma. Pesa ya kufundisha vijana kumi haishindi bei ya gari moja la mukubwa.

Na nilisema tuwe na sampuli yetu. Tangu 1865 kuna kipimo chenye padri mumoja wa Italia, Angelo Secchi, alikitumia mu bahari: sahani nyeupe yenye imefungwa ku kamba. Unaishusha mu maji polepole saa sita ya muchana, unaangalia mpaka inapotea ku macho, unahesabu mita za kamba. Maji yenye vijani vingi, sahani inapotea mapema. Maji matupu, inaenda mbali. Wataalamu wakubwa wanaitumia mpaka leo kulinganisha na satelite zao. Haihitaji umeme wala mega. Kama mitumbwi 20 ingeshusha sahani ile kila wiki, upande wetu wa ziwa lote, na kuandika tarehe, mahali na mita, ingekuwa boya letu la Hawaii, la bei ya kamba.

Nilimueleza mwenzangu wa Moba mu simu. Alikaa kimya kidogo, nikafikiri mutandao umekatika. Wiki iliyopita alinipigia yeye mwenyewe. Alichukua kifuniko cha ndoo, akakipaka rangi nyeupe, akakifunga jiwe chini ili kisielee, akaweka fundo ku kamba kila mita moja. Alienda na mutoto wake muchana, jua likiwa juu ya kichwa. Walihesabu mafundo 11. Kisha wiki yenye ilifuata, nyuma ya siku tatu za upepo mukali, walirudi pale pale wakahesabu 8. Ameandika mu kaye ya shule ya mutoto.

« Kaka, aliniuliza, sasa hii hesabu niipeleke kwa nani? »

Bado sijamupatia jibu. Nimeandika barua mbili.